Foleni ya Malaba ndani ya simu yangu

Jana usiku niko hapa Busia napandisha video ya harusi ya mteja, giga moja na nusu hivi, laptop imeshika hotspoti ya simu na seva iko Ujerumani, mwanzo inaenda poa halafu inaanza kutambaa, na mama watoto chumba cha pili aliyeshika hotspoti hiyo hiyo analalamika simu ya WhatsApp inakatakata. Nikapiga ping, yaani kupima ujumbe mdogo unachukua muda gani kwenda na kurudi. Kabla sijaanza ilikuwa milisekunde 180, sasa 2,300. Sekunde mbili na ushee jamani!

Shida ni kwamba TCP, ile kanuni inayosafirisha data mtandaoni kwa vipande vidogo viitwavyo pakiti, haina macho. Pakiti isipofika inajua moja tu, njia imejaa, basi inakata mwendo. Akili hiyo ilitokana na balaa la Oktoba 1986 kule Marekani, laini kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na chuo cha UC Berkeley, yadi kama 400 tu, ilishuka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi 40, na Van Jacobson, mtafiti wa maabara hiyo, akaandika dawa yake 1988. Dawa hiyo ilifaa waya safi, ambako pakiti hazipotei ovyo. Lakini hewani pakiti inaweza kupotea kwa vile umejificha nyuma ya ukuta tu. Yaani lori limepata pancha Eldoret, tajiri yuko Mombasa, anaona halijafika anasema aah mpakani Malaba kumejaa, anazuia nusu ya malori.

Ndio maana simu na mnara wanarudia kutuma wenyewe kimyakimya na kuzipanga pakiti kwenye foleni ndefu. Sasa TCP haioni kilichopotea, inazidi kusukuma tu, foleni inavimba, na simu ya mke wangu iko nyuma ya harusi nzima.

Laptop yangu ni ya Linux, na TCP yake ilikuwa inaamua mwendo kwa CUBIC, njia inayokuja nayo tangu 2006. Nikaweka njia nyingine, BBR ya Google ya 2016, yenyewe inapima kasi na muda wa kwenda na kurudi, haingoji pakiti zipotee. Amri ya kuandika kwenye terminal ni hii:

sudo sysctl -w net.ipv4.tcp_congestion_control=bbr

Ikigoma anza na sudo modprobe tcp_bbr. Hii inasaidia ukituma wewe, ukidownload ni seva ya huko ndiyo inaamua. Na toleo la kwanza la BBR lina ubinafsi kidogo, linaweza kumbana jirani mwenye CUBIC, samahani jirani.

Ping ikarudi kwenye 400. Mama watoto akaendelea kupiga stori na dada yake wa Mbale, wala hakuuliza nimefanya nini.