Kopi Hamsini

Juzi nilikuwa Mwanga, Kigoma mjini, natoa kopi ya cheti cha kuzaliwa cha binti yangu. Mashine ilipopata moto ikatoa ile harufu ya tona, nikasahau nimefuata nini.

Mwaka 1995, Mwanga hiihii, mimi ndiye niliyesimama nyuma ya mashine ya bosi. Mzee aliingia saa nane mchana. Suti ya kijivu iliyofuliwa mpaka inang'aa viwikoni, viatu vyekundu kwa vumbi la barabara ya Kasulu. Nikamwamkia, akaitikia, "Marahaba, mwanangu." Alitaka kopi hamsini za karatasi moja, na akalipa kabla sijaanza.

Kopi ya kumi na saba ikakwama, nusu ndani, nusu nje. Umeme umekatika. Enzi hizo Kigoma tulikuwa tunategemea majenereta ya dizeli, na kukatika ilikuwa jambo la kila siku. Mzee akakaa kwenye benchi. Mimi nikaichomoa karatasi polepole isichanike, ingali na joto, wino haujashika vizuri. Nikaisoma.

Ilikuwa kwa Kinyarwanda, lakini Muha kama mimi hahitaji mkalimani, Kiha na Kinyarwanda vinakaribiana. Amri kumi. Ya kwanza ilimwita msaliti Mhutu yeyote anayeoa mwanamke wa Kitutsi. Ya nane iliwataka Wahutu waache kuwahurumia Watutsi. Neno lenyewe lilikuwa imbabazi, huruma, lilelile bibi alilolitaja kila jioni kwenye sala zake. Na mke wa mjomba, aliyenilea tangu darasa la kwanza mpaka la nne, ni Mtutsi wa Makamba, Burundi.

"Mzee, hizi za nini?"

"Za kuamsha watu, mwanangu."

Akatoa chungwa kwenye mfuko, akalimenya, akanigawia nusu. Nikala. Tukakaa hivyo karibu saa nzima, karatasi iko mezani kati yetu. Mwaka mmoja tu ulikuwa umepita tangu mauaji ya Rwanda. Siwezi kusema sikuelewa.

Umeme uliporudi nikamalizia. Ile ya kumi na saba ilikuwa na doa, nikaitoa upya. Nikazigonga mezani zikae sawa, nikazifunga kwa uzi.

Tarehe 3 Desemba 2003 redio ikasoma hukumu ya Arusha, ya mahakama ya kimataifa ya mauaji ya Rwanda. Hassan Ngeze, mtu wa Gisenyi, Rwanda, aliyeanzisha gazeti la Kangura mwaka 1990 na Desemba ya mwaka huohuo akazichapa amri hizo, baadaye akawa miongoni mwa waanzilishi wa CDR, chama cha Wahutu wenye msimamo mkali. Alikamatwa Mombasa mwaka 1997. Walimpa kifungo cha maisha, na mwaka 2007 rufaa ikakishusha kuwa miaka 35. Kangura maana yake ni amsha. Niliposikia jina hilo nilizima redio, nikatoka nje.

Majirani walikuwa wanashangilia haki imetendeka, na ni kweli ilitendeka. Mimi nilikuwa nawaza zile hamsini: zilisomwa kambi gani ya wakimbizi, na nani, mbele ya watoto wa nani.

Mke wa mjomba yuko hai, Kasulu. Kila nikienda ananifungia maharage ya kurudi nayo, na kila mara nasema moyoni leo nitamwambia. Mwezi uliopita nilifika hadi kusema, "Mama, wakati nafanya kazi ya kutoa kopi..." Akanikatiza kuuliza kama nimekula.