Kipimo cha kiuno changu

Mimi ni mshonaji, nina cherehani yangu karibu na soko la Kadutu, hapa Bukavu. Nilikaa kwenye uchumba miaka miwili. Ndugu za mchumba wangu walishakuja kwetu kujitambulisha, mahari ilikuwa bado.

Hakunipiga hata siku moja, na hilo ndilo lililonichelewesha. Nilidhani mtu huondoka akipigwa tu. Yeye silaha yake ilikuwa maneno. Jumapili moja nilimpelekea bugali na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, nikamkuta na wageni. Mmoja akaniuliza mimi naonaje jambo walilokuwa wakibishania. Kabla sijafungua mdomo, mchumba wangu akadakia: "Huyo muulize bei ya uzi, mengine muache." Wakacheka. Na mimi nikacheka. Kicheko changu kiliniuma kuliko chao, nikapanda nacho mlima hadi nyumbani.

Baadaye nikataka kujishonea gauni. Nikajipima kiuno: sentimita 66. Nikafungua daftari la vipimo, ukurasa wangu wa kabla ya uchumba: 74. Sikuwa nimeugua. Ni zile jioni alizonifokea kwenye simu, kwa nini nimechelewa kupokea, niko na nani, nami nikalala bila kula.

Siku ile sikupata nguvu ya kuondoka. Nilipata nguvu ya kumwambia mtu mmoja, shangazi yangu wa Bagira. Wengine walikuwa wakiniambia nivumilie, wanaume wote ni hao hao. Yeye aliuliza: "Una kitu gani chake?" Simu, vitenge viwili, na dola 50 alizoniongezea ninunue cherehani. Hizo dola ndizo zilizonifunga. Nilishona sare za shule miezi mitatu, nikiweka kidogo kidogo, kimya. Mteja wangu anayejua sheria akanitoa hofu nyingine: Sheria ya Familia ya Kongo ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inauona uchumba kama ahadi, na ahadi hiyo haimpi mtu haki ya kudai ndoa ifungwe.

Baba aliuliza watu watasema nini. Sikubishana naye, nilimfungulia daftari. Aliangalia zile namba mbili kwa muda mrefu, kisha akasema, "Rudisha vitu vya watu."

Nilimpigia mchumba wangu nikiwa kwa shangazi, nikasema uchumba umeisha. Alicheka, akasema nitarudi mwenyewe. Wiki mbili alipiga bila kukoma. Usiku ndipo nilipokuwa nalegea, kwa hiyo simu ilikuwa inalala chumbani kwa shangazi.

Shangazi ndiye aliyepeleka mfuko kwa mama wa yule mwanamume: simu, vitenge, pesa ndani ya bahasha. Yule mama hakuhesabu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Baba yake naye alikuwa hivyo. Mimi nilibaki."

Shangazi aliniletea maneno hayo jioni, nikiwa kwenye cherehani. Nilisimamisha mguu, nikamwomba arudie.