Nilivyopata shela langu Dodoma bila kwenda Kariakoo

"Haya, piga magoti," shangazi akaniambia katikati ya duka, mbele ya wateja wawili na dada mwenye duka.

Nilikuwa nimevaa shela la mtindo wa samaki, lile linalobana mpaka magotini halafu linafumuka chini. Picha yake nilikuwa nayo kwenye simu karibu mwaka mzima. Mbele ya kioo nilipendeza, sitaki kudanganya. Nikajaribu kupiga magoti. Goti la kulia lilifika nusu ya safari, mshono wa pembeni ukalia, nikadaka kaunta. Shangazi hakucheka. Aliuliza tu, "Padri akikuambia piga magoti upokee baraka, utamjibu gauni limekataa?" Tukalirudisha kwenye henga.

Kuanzia siku hiyo kila shela nililojaribu lilipewa mtihani: kaa, piga magoti, inua mikono kama unacheza, panda ngazi mbili. Tulizunguka maduka ya mjini Jumamosi tatu. Mengi yanakodisha tu, hayauzi, na bei nilizotajiwa zilikuwa kati ya 300,000 na 600,000. Mwishowe nikapata moja la 400,000 lililofaulu mtihani wote. Nikatanguliza 150,000, nikaandikiwa risiti, nikalala usingizi.

Kosa langu ni kwamba sikuuliza nani atalivaa kabla yangu. Jumapili ambayo ndoa yetu ilitangazwa kanisani kwa mara ya kwanza, nilipita pale dukani kulitazama tu, kwa raha zangu. Nikalikuta limerudi kutoka kwenye harusi ya jana yake. Pindo limechanika, lina wekundu wa udongo mpaka usawa wa magoti, na kifuani kuna doa la kinywaji. Dada akasema litafuliwa. Doa je? "Litapungua." Na nikagundua kuna bibi harusi mwingine amelichukua wiki moja kabla ya yangu. Tulibishana sana, nikarudishiwa 75,000, nusu ya pesa yangu. Nyingine imekwenda.

Tarehe haikuweza kusogea. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka notisi ya siku 21, matangazo yalishaanza, ukumbi umelipiwa, kadi zimesambazwa na wanakamati wamechanga. Binamu yangu wa Dar akanipigia: njoo Kariakoo, siku hizi kuna treni ya SGR, unakuja asubuhi unarudi jioni. Ni kweli, tangu 2024 safari imekuwa nyepesi. Ila nikapiga hesabu: 31,000 kwenda, 31,000 kurudi, na shangazi lazima awepo, hiyo ni 124,000 kabla sijagusa hata uzi. Na likinikataa nikishafika nyumbani, nani atalirekebisha?

Mama mdogo ndiye aliyetamka neno mtumba. Nilinuna. Shela la mtumba! Lakini Jumanne nikajikuta soko la Sabasaba, nimejifunga mtandio kama mtu anayejificha deni. Muuzaji alikuwa nayo matatu, yamening'inizwa nyuma ya makoti. La tatu lilikuwa la satini nzito, juu lesi, halina mikono, limepiga umanjano kidogo kwapani. Lebo ya ndani: 14, ya Uingereza. Kwa nguo za kawaida mimi ni 12, lakini magauni ya harusi hubana kuliko namba zake. Alianza na 200,000, tukamalizana 110,000. Nilipiga magoti palepale juu ya turubai lake, watu wakinitazama. Likakubali.

Fundi wangu yuko Majengo. Nilipolitoa kwenye mfuko hakusema zuri wala baya. Aliligeuza ndani nje, akapitisha kidole gumba juu ya mishono ya kiunoni, akasema, "Kitambaa kimeachwa cha kutosha. Linafanyika." Kisha akatazama miguu yangu. "Viatu vya siku hiyo viko wapi, dada?" Nilikuwa na ndala. Akakataa kabisa kupima pindo. Nikarudi kesho yake na viatu vyenye kisigino, akapiga magoti na pini mdomoni, akazunguka polepole kama anayepanda mbegu, akapandisha pindo vidole vinne. Kwa vumbi letu la Septemba na upepo wake, alisema, anayetaka gauni liburuzike ajiandae kufagia Dodoma yote.

Zipu aliing'oa, akaweka vitundu na kamba za kukaza mgongoni. Hapo ndipo nilipoona thamani yake. Wote waliniambia bibi harusi hukonda kwa mihangaiko. Mimi nilinenepa. Vikao vya kamati viliisha usiku, na baada ya kikao ni chipsi mayai. Zipu ingeniumbua, kamba zikaachia tu. Aliongeza pia mikono ya lesi, kwa sababu parokia yetu haitaki mabega wazi.

Kufua ndiyo nusura tuharibu. Mama mdogo alishafungua chupa ya jiki. Fundi akapiga simu kabla hajamimina, sijui ni malaika gani alimtuma, akasema jiki itazidisha umanjano na kula lesi. Tukaloweka usiku kucha kwenye beseni kubwa, maji ya uvuguvugu na sabuni ya unga kidogo, tukabonyeza bila kusugua. Tulilianika barazani chini ya shuka jeupe, maana mchana ule upepo ulikuwa unabeba mchanga kutoka kiwanja cha jirani.

Fundi alichukua 60,000. Veli na shanga za kuziba pale palipopotea zingine, 35,000. Jumla 205,000, na ukiongeza ile 75,000 iliyoliwa, 280,000. Bado niko chini ya kukodi.

Bibi alikuja kutoka Mvumi siku moja kabla. Nikamwamkia kwa Kigogo, "Mbukwa," akashika kitambaa, akauliza kimenunuliwa wapi. Shangazi akajibu haraka, "Ulaya." Hakudanganya.

Kanisani nilipiga magoti na kuinuka bila kushikwa mkono. Nje, upepo uliikamata veli ikaenda kumfunika mpiga picha, na picha hiyo ndiyo iliyokuzwa iko sebuleni. Pindo lilipata mstari mwekundu ambao haujatoka mpaka leo.

Sasa wifi yangu anaolewa Desemba na ameliomba. Ana kiuno kipana kuliko mimi. Nimemwambia aende Majengo na kamba zile zile, na abebe viatu.