Siku moja na ampuli ya BDE-209, Malindi

Jumanne nilifungua mlango wa maabara saa moja kasorobo asubuhi na kuteremsha mapazia yote kabla ya kuwasha mtambo wa kupimia kemikali. Wageni hudhani tunakimbia joto la Malindi, kumbe siku hiyo nilikuwa nafungua ampuli ya BDE-209, kemikali ya kuzuia moto yenye atomi 10 za bromini, ambayo mwanga ukiipiga huanza kuzipoteza atomi hizo.

Saa mbili niliitoa katika friji. Ni kichupa cha kioo cha kahawia chenye mililita 1.2 za toluini, kimiminika cha kuyeyushia, na kila mililita ina mikrogramu 50 za BDE-209. Udogo huo ndio tunaopimia kila kitu, kwa sababu mtambo peke yake haujui kiasi. Unachojua ni kulinganisha kilele cha sampuli, yaani mwinuko unaochorwa kemikali inapopita, na kilele cha dutu ambayo kiasi chake kimeshathibitishwa. Niliisubiri ifikie joto la chumba, maana toluini baridi hujikunyata na kuudanganya ujazo, kisha nikaivunja shingo. Mikrolita 100 nilizitia katika chupa ya kupimia ya mililita 10, nikajaza toluini hadi kwenye alama, nikaifunika chupa yote kwa karatasi ya alumini. Mikrogramu 0.5 kwa mililita: nikaandika daftarini.

Saa nne kijana wetu wa uwandani alirudi kutoka mlango wa Mto Sabaki na mitungi ya tope.

“Dada, mto umekuwa kama chai ya maziwa.”

“Iweke mbali na dirisha, mdogo wangu.”

Tope hilo ndilo sababu ya kazi yote. Sabaki ni jina la mwisho la mto unaoitwa Athi huko juu, unaopokea maji ya Mto Nairobi, ambao hupita kando ya jaa la Dandora. BDE-209 ilichanganywa katika plastiki za runinga na kompyuta bila kufungamana nazo, kwa hiyo hutoka na vumbi. Na kwa kuwa karibu haiyeyuki majini, hushikamana na tope na kusafiri nalo. Mkataba wa Stockholm, wa kimataifa wa kuondoa kemikali sumu zinazodumu, uliiorodhesha mwaka 2017, ila vifaa vilivyotengenezwa kabla ya hapo vingali vinatupwa.

Saa tano niliupitisha myeyuko wangu katika mtambo wa kromatografia, unaotenganisha kemikali, kwenye safu fupi (bomba jembamba la ndani) ya mita 15, maana safu ndefu huishikilia kemikali hii katika joto hadi ivunjike. Hata hivyo, kabla ya kilele chake vilichomoza vilele vitatu vidogo: BDE-208, 207 na 206, zenye bromini 9, yaani BDE-209 iliyopoteza moja. Je, ni mwanga wa asubuhi, au ni joto la mtambo? Nilichota tone jingine moja kwa moja kutoka katika ampuli, ambalo halikuwa limekaa katika chupa yangu hata kidogo, nikaona vilele vile vile. Mwanga ukaachiliwa huru. Nilipolifungua lango la kuingizia sampuli, mrija wake wa kioo ulikuwa umeingia weusi wa mabaki ya wiki iliyopita, na kuubadilisha ilikuwa zamu yangu.

Chakula cha mchana kilikuwa wali wa nazi, nilioula kwa haraka.

Mtambo ulipokuwa ukipoa, nilipima gramu 5 za tope lililokauka na kulidondoshea BDE-209 ambayo kaboni zake zote 12 ni kaboni-13, aina nzito ya kaboni. Hii ni pacha wake mzito: kinachopotea njiani kwa mmoja hupotea kwa mwenzake, nasi tunarekebisha hesabu kwa uwiano wao.

Mrija mpya ulikaa saa tisa, nikashusha joto la lango kutoka nyuzi 280 hadi 250 za Selsiasi. Saa kumi na nusu vilele viwili vilitoweka, cha tatu kikabaki kama mkunjo.

Kilichobaki ampulini nilikihamishia katika kichupa chenye kifuniko cha kukaza, nikakipima kwenye mizani na kuandika uzito wake, ili nitakapokirudia nijue ni toluini kiasi gani iliyotoroka. Kikarudi frijini, kizani.