"Used to": desturi iliyokoma na hali iliyozoeleka

Katika barua za maombi ya kazi ambazo vijana wa hapa Dar es Salaam huniletea nizipitie kabla hawajazituma, sijaona maneno ya Kiingereza yanayowaponza kama "used to". Mwombaji anayetaka kumhakikishia mwajiri kwamba kazi zenye shinikizo hazimtishi huandika "I used to work under pressure", na mwajiri huielewa sentensi hiyo kama ilivyoandikwa, yaani kwamba zamani alikuwa akifanya kazi za namna hiyo na sasa ameacha. Alichokusudia ni "I am used to working under pressure". Inaniuma kuona mtu mwenye uwezo akijifungia mlango kwa sababu ya "am" iliyosahaulika na "-ing" isiyoandikwa.

Naamini sehemu ya tatizo inatokana na Kiswahili chetu wenyewe. Mtu akisema "nilizoea kwenda Kariakoo kila Jumamosi", kitenzi kuzoea kinaweza kubeba desturi ya zamani na vilevile hali ya kutoona ugeni katika jambo, na muktadha ndio unaoamua. Kiingereza kimezitenga maana hizo mbili. Kwa desturi au hali iliyokwisha, "used to" hufuatwa na kitenzi kitupu: "I used to live in Magomeni" ni sawa na kusema nilikuwa nikiishi Magomeni, na msikilizaji anatambua bila kuambiwa kwamba sikai tena huko. Kwa mazoea, maneno hayo hutanguliwa na kitenzi "be", na "to" inakuwa kihusishi, ndiyo maana kinachofuata ni nomino au kitenzi chenye "-ing".

Chukua mkazi wa Kigamboni. Akisema "I used to take the ferry", tunaelewa kwamba kivuko ameachana nacho, pengine tangu daraja lilipofunguliwa mwaka 2016. Akisema "I am used to taking the ferry", hajasema kwamba ameacha. Anasema kwamba foleni na msongamano wa pale Magogoni havimshangazi.

Maana hizi mbili hazikukutana kwa bahati. Zamani kitenzi "use" kilimaanisha pia kuwa na desturi ya kutenda jambo, na kilitumika hata katika wakati uliopo. Biblia ya King James ya mwaka 1611, katika Zaburi 119:132, inasema "as thou usest to do", yaani kama ilivyo desturi yako. Matumizi hayo ya wakati uliopo yalikufa, yakabaki ya wakati uliopita peke yake. Kwa hiyo anayetaka kueleza desturi ya sasa, ile ambayo sisi tunaipa kiambishi "hu-", hawezi kusema "I use to go". Aseme "I usually go", au "I go" tu.

Ipo pia "used to" ya tatu, ya kutumika: "a knife is used to cut bread", kisu hutumika kukatia mkate. Hapa sikio linasaidia, kwa kuwa neno hili hutamkwa kwa z, ilhali katika maana mbili za kwanza hutamkwa kwa s, karibu na "yuustu", na sisi hatuna shida ya kutenganisha s na z.

Katika kukanusha na kuuliza, "did" hubeba wakati uliopita na herufi d huondoka: "I didn't use to cook", "Did you use to play football?" Kanuni hiyo haigusi "be used to", ambayo hukanushwa kwa kitenzi chake cha "be". Mgeni aliyetoka kwenye baridi ya Njombe na kulikuta joto la Februari mjini kwetu atasema "I am not used to this heat". Siku zikisogea, mazoea yakianza kuingia, atasema "I am getting used to it", kwa maana "get" huonyesha badiliko linaloendelea. Akisharudi Njombe na kuwasimulia ndugu zake maisha ya Dar, atasema "I used to sleep with the windows open", na wote wataelewa kwamba sasa madirisha anayafunga.