Siku Eddy Alipogeuzwa Nguo

Mwaka 2006 kibanda cha gemu pale Mafiati, Mbeya, kilikuwa na televisheni tatu. Mbili zilikuwa za PlayStation ya kwanza na moja ya PS2, mechi moja shilingi mia. Mimi nilikaa mlangoni, nikakusanya hela, nikabadilisha CD, nikaamua ugomvi. Kwa hiyo nilijua kila dogo anachukua mtu gani. Kwenye benchi la Tekken 3, gemu la kupigana watu wawili, zaidi ya nusu hawakuwa na mtu mwingine ila Eddy Gordo.

Sababu yake haikuwa ngumu. Eddy ni Mbrazili wa kapoera, na mateke yake yameunganishwa kiasi kwamba ukipokezanisha vitufe vya eksi na duara bila kujua unafanya nini, anazunguka, analala chali, anasimama kwa mikono, anapiga tena. Wapiganaji wengine walikuwa na masharti: Paul anataka upime umbali. King anataka uwahi kumkamata mtu. Eddy anataka kidole gumba tu. Wakubwa walimdharau, maana dawa yake ilijulikana: usimkimbilie, shika nyuma na chini kwa pamoja uzuie teke la miguuni, subiri amalize mzunguko angali sakafuni, ndipo umtwange. Lakini mtoto wa darasa la nne hana subira hiyo, na anayecheza naye pia hana. Basi Eddy alitawala.

Tekken 4 ilifika Julai, asubuhi ya baridi ile ambayo mlima Loleza hauonekani mpaka saa nne. Gemu lenyewe lilitoka kwa PS2 mwaka 2002. Kwetu lilipanda basi kutoka Kariakoo likiwa limeshazeeka. Hilo halikumsumbua mtu. Sura za wachezaji zilipotokea, walizihesabu kwa sauti zikafika kumi: Paul, Law, King, Yoshimitsu, Hwoarang, Xiaoyu, Kazuya, na wageni watatu, Marduk, Steve na Christie. Kaka wawili nyuma waligongeana mikono kwa ajili ya Kazuya, waliyemwacha kwenye Tekken 2, baba yake alipomtupa kwenye volkano.

Eddy hakuwepo.

Tuhuma ya kwanza ilikuwa CD. "Bro, hii imekatwa. Umeuziwa nusu." Mmoja alidai mia yake kabla hata hajacheza. Niliitoa CD nikawaonyesha haina mchubuko, nikaifuta hata hivyo kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni, maana ukifuta kwa kuzungusha unaweza kuacha mkwaruzo unaofuata njia ya lenzi na hapo ndipo gemu huganda. Nikairudisha. Sura kumi zilezile.

Nikawaeleza kwamba wengine wamefichwa: ukimaliza hadithi ya mtu mmoja, anafunguka mwingine. Nikashusha ugumu kwenye menyu hadi rahisi, tukaanza. Karibu kila hadithi inaishia kwa mzee Heihachi, na ukifungwa unaruhusiwa kuendelea, kwa hiyo ni suala la muda tu. Walichanga hela na kupokezana pedi. Akatoka Jin, wakapiga kelele. Akatoka Nina, akatoka Lei, akatoka Bryan. Kelele zilipungua kila sura mpya ilipokuwa si ya Eddy.

Mpaka saa saba mchana kila mtu wa mwanzo alikuwa amechezwa isipokuwa Christie. Walikuwa wamemsusia. Aliwaudhi tangu walipomwona akizunguka na kusimama kwa mikono, mateke ya Eddy yote, ila kwenye mwili wa msichana. "Mwizi huyo," dogo mmoja alisema, na hukumu ikapita bila rufaa.

Aliyewaokoa ni dada yake mmoja wao, mwanafunzi wa kidato cha nne, aliyekuwa ametumwa kumwita mdogo wake akale. Alisimama mlangoni na kanga yake ya baridi, akauliza kwa nini hawamtaki huyo. Nikamfungulia hadithi ya Christie, akasoma maandishi ya Kiingereza na kuyatafsiri hapohapo. Eddy alibeba kesi ya mauaji ya baba yake ambayo hakuyafanya, akafungwa, na huko gerezani mzee mmoja akamfundisha kapoera. Alipotoka, akamfundisha mjukuu wa yule mzee, ndiye Christie, kwa miaka miwili. Kisha akatoweka kwenda kulipiza kisasi kwa waliomuua baba yake. Christie ameingia mashindanoni kumtafuta.

Kibanda kilinyamaza. Kumbe mwizi alikuwa mwanafunzi wake, na alikuwa anamtafuta mtu yuleyule wanayemtafuta wao.

Walimaliza hadithi yake kwa chini ya nusu saa. Hakuna sura mpya ya Eddy iliyotokea, na hapo nilidhani nitarudisha hela za watu. Wakaamua kupigana wao kwa wao. Pedi ya pili ilikuwa mbovu, raba ya chini ya eksi imekufa, na iliuliwa na Eddy mwenyewe, kwa miezi ya kupokezanisha eksi na duara. Dogo aliyeishika akaweka alama juu ya Christie, akabonyeza eksi, kimya. Akabonyeza pembetatu.

Akasimama Eddy.

Watu walimwagika mpaka nje. Mama wa viazi alikuja kuuliza kama kuna aliyepigwa na umeme. Nilibadilisha pedi haraka, maana Eddy asiye na eksi ni nusu mtu, na mechi kama sita zikaenda kwa furaha tupu. Mateke yalikuwa kamili. Jipya lilikuwa kuta. Kwenye Tekken 4 uwanja una ukuta, na ukimsukuma mtu hadi pale anaendelea kula teke bila pa kukimbilia, kitu ambacho Tekken 3 haikuwa nacho. Eddy aliyezoea uwanja usio na mwisho sasa alibanwa kwenye kona na kufa vibaya.

Ndipo dogo wa tuhuma ya kwanza akaweka pedi chini. "Sasa sura yake iko wapi?" Haikuwepo. Hadithi yake haikuwepo. Alikuwa nguo ya tatu ya Christie, yaani mwonekano wa kubadilisha tu, basi. "Stelingi anageuzwaje nguo ya mtu?"

Nikamkumbusha Tiger. Kwenye Tekken 3, Tiger mwenye afro alipatikana kwa kubonyeza Start juu ya Eddy, naye alikuwa nguo tu, na hakuna aliyewahi kumlilia. Hata Panda, kwenye gemu hilihili, alikuwa amejificha juu ya Kuma. Dogo alifikiri kidogo.

"Tiger hajafungwa jela kwa ajili ya baba yake."

Sikuwa na jibu, na bado sina. Waliotengeneza gemu wangeweza kumwacha Tiger bila mwanzo wala mwisho kwa sababu hawakuwahi kumpa hadithi. Eddy walikuwa wamempa.

Saa kumi umeme ulikatika. Ulikuwa mwaka wa mgao, maji ya bwawa la umeme la Mtera yameshuka kwa ukame. Uliporudi usiku, sura zilikuwa kumi tena. Memori kadi tuliyokuwa nayo ilikuwa ya PlayStation ya kwanza. Inaingia kwenye PS2 bila shida na kusoma magemu ya zamani, lakini gemu la PS2 halihifadhi kitu humo. Inataka kadi yake, ya MB 8. Tulimtafuta Eddy upya mara tatu kabla sijapata hela ya kuinunua, na kila mara walianza na Christie, bila kinyongo.

Tekken ya baadaye ilipofika, Eddy alikuwa na sura yake. Dogo yule alikaa wa kwanza. Alama ikapita juu ya Eddy, ikaenda kusimama kwa Christie, na kidole kikabonyeza pembetatu kwa mazoea. Akatoka Christie mwenyewe. Alicheza naye mechi nzima, akashinda.