Center: kitovu, kiini, kituo au katikati?

Tafsiri mbovu ya neno center hujulikana upesi: kila lilipotokea pamebandikwa "kituo". Duara linapewa kituo, hoja inapewa kituo, hata seli. Center, au centre kwa tahajia ya Waingereza, limebebeshwa kazi nyingi ambazo Kiswahili kimezigawia maneno mbalimbali, na maneno hayo hayaazimani nafasi ovyo. Kabla ya kuchagua, jiulize kinachotajwa hapo ni nini hasa: nukta, kitu, eneo, mahali pa huduma, au mamlaka?

Nukta kwanza, kwa kuwa ndiko neno lenyewe lilikotoka. Kwa Kigiriki, kentron ilikuwa ncha kali ya kuchomea, kisha ikawa ile ncha ya bikari inayosimama palepale huku ya pili ikizunguka. Kazi hiyo kwetu ni ya kitovu. Kitovu cha duara ni nukta iliyo umbali sawa na kila sehemu ya mzingo, na umbali huo ndio nusukipenyo. Kama duara limeshachorwa na kitovu chake hakionekani, chora ndani yake mistari miwili isiyo sambamba, kila mmoja uguse mzingo kwa ncha zote mbili. Pima katikati ya kila mstari, simamisha hapo mstari mwingine wa nyuzi 90, na pale hiyo miwili ya pili inapokatana ndipo penye kitovu. Ukichora ile miwili ya kwanza ikakaribia kuwa sambamba, ya pili nayo itakatana kwa pembe nyembamba, na kosa la nusu milimita kwenye rula litakisogeza kitovu mbali sana. Angalia pia kwamba mstari una katikati, duara lina kitovu. Hakuna aliyezoea lugha atakayesema "kitovu cha mstari".

Wanaoripoti matetemeko ya ardhi huteleza kwenye neno hili mara kwa mara. Kitovu cha tetemeko ni mahali juu ya uso wa ardhi, wima juu ya pale miamba ilipoanza kukatika. Kwa hiyo "kitovu kilikuwa kwenye kina cha kilomita 10" si sahihi, maana chenye kina ni chanzo cha tetemeko. Kitovu unakionyesha kwenye ramani.

Kutoka hapo tunapata kitovu cha biashara, kitovu cha utalii, kitovu cha mlipuko wa ugonjwa. Sitiari hizo zimekaa vizuri, ila zina mtego wake. Kitovu ni cha mwili kwanza, na Mswahili akisema mahali fulani ndipo alipozikwa kitovu, anataja alikozaliwa. Ndiyo sababu ukiandika kwamba mji fulani ni "kitovu cha muziki huu", baadhi ya wasomaji wataelewa kuwa muziki huo ulizaliwa pale, wakati ulitaka kusema tu kwamba ndipo unapopigwa zaidi. Kama ni asili, andika chimbuko. Kama ni shughuli nyingi, ongeza neno la kuonyesha hivyo.

Kiini ni jambo jingine kabisa. Kitovu ni mahali, kiini ni kitu. Yai lina kiini na ute, seli ina kiini, atomu ina kiini, na vyote hivyo vina uzito na mpaka wake. Tazama pete: kitovu chake cha uzito kipo hewani, pale pa kupitishia kidole, wala hakuna cha kushika. Kitovu kinaweza kuwa mahali patupu namna hiyo, kiini hakiwezi. Dunia yenyewe inavyo vyote viwili. Kiini chake ni tufe la chuma na nikeli lenye nusukipenyo cha kilomita 3,480 hivi, nje kimiminika na ndani yabisi. Kitovu chake ni nukta moja tu, kilomita 6,371 hivi chini ya miguu yetu. Mwandishi wa kitabu cha jiografia akivichanganya, mwanafunzi hataelewa safu za dunia zinaanzia wapi.

Katika hoja, kiini ni kile ambacho ukikitoa hoja inaanguka: kiini cha tatizo, kiini cha mgogoro. Kiinimacho kisikuchanganye, hayo ni mazingaombwe.

Kituo kimetokana na kutua: kutua mzigo, ndege kutua. Ni mahali pa kusimama na kupata jambo fulani, na si lazima pawe katikati ya chochote. Kituo cha polisi kinaweza kuwa pembezoni kabisa mwa mji. Kituo cha basi, cha kupigia kura, cha televisheni, cha utafiti, cha data, cha huduma kwa wateja, vyote ni sawa. Kituo cha Mikutano cha Kimataifa cha Arusha kimeitwa kituo kwa sababu watu wanaendea mikutano pale, si kwa sababu ya kukaa katikati. Nchini Tanzania kituo cha afya ni ngazi maalumu, juu ya zahanati na chini ya hospitali ya wilaya, kwa hiyo usikitumie kama jina la jumla la mahali popote pa matibabu. Wahakiki wa ushairi nao wana kituo chao, yaani mshororo wa mwisho wa ubeti.

Sasa mamlaka. Hapa ndipo tafsiri za mashine hupotea zaidi, maana Kiingereza hutumia central kwa mahali na kwa cheo pia. Kiswahili hutenganisha. Cheo ni kuu: Benki Kuu, serikali kuu, Kamati Kuu. Mahali ni kati: Afrika ya Kati, Mashariki ya Kati. "Benki ya Kati" ingesikika kama benki iliyo baina ya benki nyingine mbili. Vyama vya siasa visivyo vya kulia wala kushoto ni vya mrengo wa kati, kwa kuwa hapo tunaonyesha vilipo, hatuvipi ukubwa.

Kati yenyewe ina adabu zake. "Kati ya" inataka ncha mbili zilizounganishwa na "na": kati ya saa 4 na saa 6. Ile "kati ya saa 4 hadi saa 6" inayojaa kwenye matangazo ni mchanganyiko wa miundo miwili. Ukitaka hadi, anza na kuanzia. Uhusiano wa watu au nchi unapendeza kwa baina ya. Kundi kubwa linachukua miongoni mwa, ingawa "kati ya wagombea 10" haina ubaya. Katikati ni eneo, na "katikati ya jiji" na "katikati mwa jiji" zote zinaandikwa. Chagua moja uishike mpaka mwisho wa andiko. Kwenye takwimu, usiite namba ya kati wastani. Katika 2, 3, 4, 9 na 32, wastani ni 10 lakini namba ya kati ni 4, tofauti inayoweza kupindua ripoti nzima ya mishahara.

Uwanjani mambo yalishapangwa zamani. Kuna beki wa kati, mwamuzi wa kati na duara la kati lenye nusukipenyo cha mita 9.15. Mchezaji wa eneo la katikati ni kiungo, na kuupeleka mpira kutoka pembeni kuelekea golini ni kupiga krosi. Gereji nako wana sentabolti, boliti inayopita katikati ya springi za majani na kuziweka mahali pake juu ya ekseli. Yu-bolti, yaani boliti za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli, zikilegea, sentabolti hubeba nguvu isiyo yake, inakatika, ekseli inasogea na gari linatembea upande. Usijaribu kumtafsiria fundi neno hilo. Atakuuliza unatafuta nini.

Vitenzi havihitaji mengi. Maandishi huwekwa katikati ya ukurasa. Mjadala hulenga jambo au huhusu jambo. "Kujikita" kumechoshwa kwa matumizi na mara nyingi kunaweza kufutwa bila hasara. Ufundishaji unaotajwa kuwa na mwanafunzi kwenye center ni ufundishaji unaomlenga mwanafunzi. Na yule ambaye Kiingereza humwita self-centred hahitaji kitovu wala kiini: ni mbinafsi.